Kiingilio cha Jozani na hifadhi nyengine: maswali mnayoniuliza kila siku

Assalaam alaykum, na wale wa upande mwengine habari zenu. Mie natembeza wageni Jozani, msitu wa hifadhi hapa Unguja, mwaka wa kumi na kitu sasa, nyumbani kwetu mpaka getini ni mwendo wa miguu, na maswali haya nimeyajibu mpaka nimechoka. Kwenye daladala naulizwa, arusini naulizwa, juzi msibani mtu kanivuta pembeni sahani ya pilau mkononi ananambia ati zile dola za wazungu mnazipeleka wapi. Basi nimeyaandika pahala pamoja, atakaeniuliza tena namtumia hii nakaa zangu kimya. Kazi yangu wenyewe mjini wanaiita gaidi, tua gaidi, neno ambalo bi mkubwa wangu hataki hata kulisikia, kwaivo hapa tuseme mtembeza wageni.

Kwani lazima nilipe? Msitu si wa Mungu?

Wa Mungu, ndio. Lakini askari wa msitu anaekesha kule ndani ana watoto wanaokwenda skuli, na petroli ya pikipiki ya doria haijawahi kushuka na mvua. Jozani ni msitu wa hifadhi tangu 1960, ikawa hifadhi ya taifa 2004 ikaunganishwa na Ghuba ya Chwaka, jumla yake kama kilomita za mraba 50 hivi, na 2016 UNESCO nao wakaiingiza kwenye orodha yao ya hifadhi za baiosfia, yaani pahala ambapo watu na mazingira vinatunzwa pamoja. Vyeo vizuri sana hivyo, tunavitaja kwa wageni na wanavipiga picha ubaoni, ila cheo hakinunui mabuti.

Haya, hela yangu inakwenda wapi khasa?

Hili ndo swali mama, kaa vizuri.

Ukilipa getini hela haingii mfukoni kwa yule dada aliekupa risiti wala kwangu mie. Malipo ya serikali siku hizi yanapitia ZanMalipo, unapewa namba ya malipo, kontroo namba tunavyoiita wenyewe, hela inaingia serikalini, alafu kutoka hapo inagawika. Iko sehemu inabaki serikalini, iko ya kuendeshea hifadhi yenyewe, na iko inayorudi kwa majirani wa msitu, yaani Pete, Kitogani, Charawe, Ukongoroni, Cheju, Chwaka na wenzao. Ya majirani nayo haipelekwi nyumba kwa nyumba kwenye bahasha. Huku tuna jumuiya ya uhifadhi, JECA, na kamati za shehia, wanakaa wanabishana (na wanabishana kweli kweli, mie nimeshahudhuria) mwaka huu tuchimbe kisima au tumalizie darasa au tuvute umeme. Wakulima nao wana umoja wao, UWEMAJO, huo nitauelezea chini maana una habari zake.

Sasa ile ya kuendeshea hifadhi inafanya nini. Watu wengi wanadhani msitu hauna gharama, si miti tu imesimama pale. Ungekuwa wenyewe haujirudii ungeisha zamani. Huku kuna kitu kinaitwa tanuri la chokaa. Sijui kama ushawahi kuliona linavyopangwa, ni magogo yanalazwa duara, juu ya magogo magogo mengine, yanapanda mpaka yakimpita mtu kifuani, alafu juu yake ndo yanamwagwa mawe ya matumbawe, likitiwa moto linawaka siku na usiku mpaka jiwe linakuwa unga mweupe wa kujengea. Tanuri moja tu linameza miti ambayo wewe ukipita chini yake unasema subhanallah. Mjini kila siku watu wanajenga. Ongeza mkaa, ongeza kuni za mikate, ongeza fito na boriti za mikandaa, ile miti ya mikoko inayoota kwenye maji ya chumvi. Anaesimama baina ya hayo yote na msitu ni vijana wachache wanaopita doria na posho inayotokana na hiyo risiti yako, wengine wanazunguka na miguu kutwa nzima. Hapo sijasema njia za kuzuia moto wakati wa kiangazi, kupaka rangi alama za mipaka ili mtu asije kusema ati sikujua, vitalu vya miche, na ngazi na vibao na paa la sehemu ya mapokezi ambalo kila masika linavuja upande ule ule.

Mbona mgeni analipa dola na mie Mzanzibari shilingi? Si ubaguzi huo?

Mzungu mmoja aliniuliza hivi tena kwa hasira, tuko njiani baina ya miti, nikamwambia bwana wewe umekuja mara moja, huyu hapa bibi yake alikatazwa kuokota kuni humu. Yeye ameshalipa kabla hujazaliwa. Akacheka, akanyamaza, sijui kama alikubali.

Njoo na kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi au cha taifa, utalipa kiasi ambacho urojo mjini unaweza kukuzidi. Bei zenyewe ziko kwenye ubao getini, soma pale, usimsikilize mtu wa njiani.

Kima punju nawaona barabarani bure, niingie geti ya nini?

Kweli unawaona. Ukipanda daladala ya Makunduchi au Jambiani ukipita Jozani wanakaa pembeni ya lami kama wanangoja gari. Lakini jiulize kwa nini dereva anapunguza mwendo pale. Ni matuta. Zamani gari zilikuwa zinawagonga kima hovyo, lami ilipokuwa nzuri ndo balaa likazidi, mpaka miaka ya tisini yalipowekwa matuta na vifo vikapungua sana. Havikwisha, asikudanganye mtu, ila vilipungua. Mie mdogo nilikuwa naona maiti ya kima imelazwa pembeni na mama yake kakaa juu ya mti hashuki hata umrushie kitu. Sasa wewe unaewaona bure unawaona hai kwa sababu kuna mtu mwengine alilipa.

Alafu kima hawa, kwa faida ya wasiojua, hawapo pahala pengine duniani kwa asili yao isipokuwa Unguja hii. Wako wachache walipelekwa Ngezi kule Pemba miaka ya sabini, basi. Waliokadiriwa kisiwa kizima kwenye sensa iliyochapishwa 2019 walipita kidogo 5,800, na wengi wao wako ndani ya hifadhi kama Jozani. Kuna viwanja vya mpira vinajaza watu zaidi ya hao.

Na wakulima wanapata nini? Maana nasikia kima wanawala mashamba.

Wanakula, ndio. Nisifiche. Ami yangu ana shamba limepakana na msitu kabisa, anapanda kunde na muhogo na ana minazi, na mwaka sijui gani alipanda choroko kwenye ngwe mbili, zikachipua vizuri, asubuhi moja kaenda kakuta familia nzima ya kima imekaa kwenye ngwe kama imealikwa, mmoja ana majani mkononi anamtazama yeye usoni. Wala hakukimbia. Ami alisimama na panga lake akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kisha akarudi nyumbani bila ya kumgusa.

Kwa nini hakumgusa? Sheria inakataza, hilo moja. La pili ndo mgao. Wale wakulima wa ule umoja wa UWEMAJO wanaokubali kima waingie kwenye mashamba yao wanapata fungu kutoka kwenye mapato ya wageni, si pesa ya kununulia gari, lakini mtu anajua kima huyu kwenye choroko zangu ana thamani yake mahala. Zamani hakuwa nayo. Zamani jina lake lenyewe punju, yaani sumu, watu wakiamini harufu yake mbaya na akikaa kwenye mti mti unakufa na mbwa akimla anapukutika manyoya. Mnyama wa namna hiyo nani atamuonea huruma? Sasa hivi ami huyo huyo akiona wageni wanapita anawaita waje kupiga picha shambani kwake na mie anaulizia mgao unatoka lini. Wakati mwengine unachelewa, na ukichelewa simu ya kwanza asubuhi ni yake.

Kuna jambo la minazi linafurahisha. Kima wanakula vidaka, vile vichanga kabisa, na wakulima wote watakwambia wanamaliza nazi. Wakaja watafiti wakahesabu, utafiti wao ukachapishwa 1999, wakakuta minazi inayoliwa sana vidaka haitoi nazi chache, bali inatoa zaidi, kwa sababu mnazi wenyewe huwa unaangusha vidaka vingi na kima anapunguza vile ambavyo vingeanguka tu, vilivyobaki vinashiba. Nilimueleza ami habari hii kwa furaha. Akaniuliza, huyo alihesabu nazi zangu au za nani?

Mie naona wote wawili wana haki. Hesabu inaweza kuwa kweli kwenye kundi zima la minazi, lakini mtu mwenye minazi sita anaona mnazi mmoja mmoja. Na choroko hakuna utafiti wa kuzitetea, choroko zimeliwa.

Ile njia ya mbao ya kwenye mikandaa, mbona kila mwaka mnasema matengenezo?

Kwa sababu imejengwa kwenye maji ya chumvi, ndugu yangu. Maji yanajaa, yanakupwa, mara mbili kwa siku, mbao inaroa inakauka inaroa inakauka, msumari unakula kutu ndani kwa ndani huku kichwa chake juu unakiona kizima. Unajua imeoza si kwa macho, unajua kwa mguu, ukikanyaga inakujibu sauti nyengine, inanyong'onyea kidogo. Sisi wenye kupita kila siku tunazijua mbao kwa moja moja, naweza kumwambia mgeni mnene kwa adabu kabisa, mama pita upande huu, na yeye hajui kwa nini.

Siku moja tulikwenda kubadilisha kipande, maji yamekupwa, nikajitia ujuzi nikashuka chini kushika nguzo. Tope lilinifika mapajani, kandambili moja iko huko mpaka leo, na mizizi ya mikoko ilinichana miguu yote. Mbao zinabebwa kwa bega kutoka barabarani, mbili mbili. Fundi anatia nguzo, anapima kwa macho, anatia nyengine, na maji hayakungojei, saa chache tu yanarudi. Kwa kutwa nzima watu sita tulimaliza kipande ambacho wewe unakipita huku unasoma meseji. Ndo maana nikiona mtu anaruka ruka juu ya ubao apate video naumia roho.

Nimeshalipa bima ya dola 44 na hoteli wamenikata kodi kila usiku. Si inatosha?

Hili la wageni na la ndugu zetu wanaokuja na pasi za nje. Ile dola 44 ni bima ya safari, ilianza Oktoba 2024, inatolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, ukiumwa au likikupata la kukupata ndo kazi yake. Ile ya hotelini ni tozo ya serikali ya miundombinu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayonunua ubao wa Jozani. Nakubali zikiwa nyingi zinachosha, mtu anaona kila akigeuka kuna mkono umenyooshwa, na mie ningekuwa na sauti ningeshauri angalau mgeni apewe karatasi moja inayomueleza hii ya nini na hii ya nini. Watu hawachukii kulipa, wanachukia kutojua.

Papasi, yule kijana wa njiani anaewavizia wageni, kaniambia atanipitisha kwa bei nafuu, bila ya risiti. Nikubali?

Usikubali. Hela bila risiti haifiki kwa ami yangu. Na mara nyingi hiyo "bei nafuu" inakuwa kubwa kuliko ya ubaoni.

Mbona nalipa na choo hakina maji?

Aaah. Hapa mmenishika.

Ni kweli yapo mambo yanaudhi. Kuna kituo kimoja, sikitaji kiko wapi wala cha nani, nilipeleka familia ya watu saba na bibi yao wa miaka themanini na ushei, tumelipa kila kitu tumepewa risiti nzuri imepigwa muhuri, bibi anataka chooni, bomba halitoi. Ndoo iko, imepasuka. Nikauliza wakanambia maombi yameshapelekwa. Lini? Toka Ramadhani. Na wakati huo tuko mfungo tatu. Nilikwenda kuomba maji nyumba ya jirani nikabeba kwenye dumu, bibi akanishukuru kwa Kijerumani, mie uso sina pa kuuweka.

Tatizo ni hili, hela inatoka getini siku hiyo hiyo lakini kurudi inapita njia ndefu, ina barua, ina saini, ina bajeti ya mwaka ambayo ilipangwa bomba likiwa bado zima. Anaekaa getini anaona pesa zinapita mbele ya macho yake na hana ruhusa ya kutoa hata ya kununulia ndoo. Utaratibu huo una sababu zake, pesa ya umma ikiachwa mkononi mwa mtu mnajua wenyewe. Lakini maoni yangu ni kwamba kila kituo kingeachiwa kifungu kidogo cha matengenezo ya papo kwa papo, bomba, bawaba, taa, kinaandikwa daftarini na kinakaguliwa kila mwezi. Kitu kidogo kikisubiri mwaka kinakuwa kitu kikubwa.

Wakati wa korona mlifanyaje?

Machi 2020 ndege za nje zilisimama, zikafunguliwa tena Juni, lakini wageni hawakurudi kama bomba limefunguliwa, walikuja kwa matone. Geti lilikuwa kimya mpaka kima wakawa wanakaa juu ya meza ya mapokezi. Sie tulirudi mashambani, mie nililima muhogo na kuuza ubuyu. Usiku ukikaa nje ulikuwa unasikia panga mbali huko msituni, ko, ko, ko, na unajua ni nani na unajua kwao hawajala, utamsema nini.

Hapo ndo nilipojifunza kwamba msitu unaotegemea geti peke yake ni kama mtu anaekula kwa mkono mmoja. Kiingilio ni kizuri lakini akiba ingekuwepo, hata ya miezi sita, doria zisingepungua pale pale njaa ilipozidi. Nimelisema hili kwenye mikutano, likaandikwa kwenye kumbukumbu.

Pemba nako je?

Pemba misitu ipo mizuri mno na wageni ni wachache, na hapo ndo pana mtihani wa mfumo wote huu. Ngezi kule Micheweni, ukiingia unadhani umeingia nchi nyengine, miti mirefu, kuna mpapindi, mnazi mwitu wa Pemba ambao asili yake ni huko huko, usiku kuna bundi wao wenyewe. Lakini mpaka mgeni avuke na boti au ndege, ashike gari ya Konde, apate pa kulala, si wote wanaofika. Sasa msitu usiofikiwa na watu una haja ya doria pungufu? Una haja ile ile. Ndo maana mie siungi mkono wanaosema kila hifadhi ijilipe yenyewe, Jozani ina bahati iko njiani kwenda ufukweni, haina ujanja wowote zaidi ya hapo. Iliyo njiani imbebe mwenzake wa mbali.

Kidike ni habari nyengine, ndogo na tamu. Pale kuna popo wa Pemba, wale wakubwa wenye sura ya mbwa mdogo na manyoya mekundu mekundu, hawapo popote duniani isipokuwa Pemba. Walikuwa wanawindwa kwa nyama mpaka wakakaribia kumalizika, kisha miaka ya tisini vijiji vikaanzisha vilabu vya kuwalinda, na Kidike wanakijiji wenyewe wanapokea kiingilio kidogo wanakuonesha wanavyoning'inia mchana kutwa wanagombana kama abiria. Idadi yao imepanda vizuri sana. Sijui mfano gani bora wa kumjibu mtu anaeuliza hela ndogo inafanya nini.

Na Misali, kisiwa ambacho wazee wanasema Nabii Khidhri alitaka msala wa kuswalia ukakosekana, akasema basi kisiwa hiki kitakuwa msala wangu, na kweli kimelala kimeelekea kibla. Kilitangazwa hifadhi 1998, na 2005 eneo lote la mkondo wa Pemba likaingizwa. Kule wavuvi waliambiwa habari ya kulinda bahari kwa Kurani na hadithi, na inasemekana masheikh walifanikiwa pale ambapo mabango na askari walishindwa. Hela inalipia boti ya doria, sawa, lakini boti haiwezi kukaa kichwani mwa mtu.

Baharini nako kuna kiingilio? Maji nayo yana geti?

Yana mipaka. Ghuba ya Menai, kule Kizimkazi kwenye pomboo, ni hifadhi tangu 1997, na anaekwenda kuzamia kwenye kisiwa cha Mnemba pia analipa. Nahodha wako ndo anajua, muulize risiti kabla hujapanda, sio mkishafika katikati. Ukitaka kuelewa inalipia nini tazama nanga. Boti moja ikitupa nanga juu ya matumbawe inavunja kitu kilichoota miaka na miaka, na boti za Mnemba siku za msimu ni nyingi kama vespa za Darajani. Dawa yake ni maboya ya kufungia, na boya lina kamba na kamba inakatika na lazima mzamiaji ashuke akaikague. Hilo ndo geti lako la maji.

Kisiwa cha Chumbe ni tofauti, ile inaendeshwa na kampuni isiyogawana faida, hifadhi yake ya matumbawe ilitangazwa 1994, haingoji bajeti ya serikali, wageni wanaolala kwenye zile banda chache ndo wanaolipia kila kitu mpaka walinzi, na walinzi wenyewe walianza kama wavuvi. Bei yake si yangu mie wala yako. Lakini hiyo hiyo bei kubwa ndo inayowapeleka watoto wa skuli bure kwenda kuona samaki walio hai, na wengi wao wamezaliwa pwani na hawajawahi kutia uso majini na miwani.

Forodhani je? Mbona hakuna kiingilio na bustani ni nzuri?

Na pasiwepo! Bustani ya Forodhani ni baraza ya mji mzima, mtu katoka kazini anakaa anapunga upepo, watoto wanapiga mbizi kutoka ukutani, mapishi yanaanza magharibi. Ilitengenezwa upya na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ikafunguliwa 2009, na waliotia hela walijua kwamba kujenga ni rahisi kuliko kutunza. Nyasi zinakanyagwa na maelfu, taa zinaungua, na vijiti vya mishkaki asubuhi vinafagiliwa kwa turubali.

Sasa nani alipe? Mie nasema anaefanya biashara pale na wanaoleta makundi ya wageni kula pale, sio yule mtoto anaeruka. Msitu unaweza kuuwekea geti kwa sababu mtu anakwenda mara moja kwa mwaka. Baraza ya nyumbani huwezi.

Wanafunzi wana punguzo?

Skuli iandike barua mapema, maalim aje nayo mkononi. Na jamani walimu, msilete watoto mia na ishirini na mtembeza mmoja.

Tipu yako imo kwenye kiingilio?

Mtembeza yumo, tipu haimo. Sisemi zaidi, nitaonekana naomba.

Naweza kuwapa kima ndizi?

Hapana, tena hapana kubwa. Kima punju tumbo lake ni la majani na matunda mabichi, sukari ya tunda bivu inamvuruga. Na ukimkaribia na mafua yako unamuambukiza, kaa mbali hata kama yeye anakusogelea, na hana kidole gumba kwaivo simu yako akiinyakua ataiangusha tu.

Kitu anachokipenda ni mkaa. Majani ya mkungu na mwembe yana kemikali zinazomsumbua, mkaa unamtuliza tumbo. Kwetu jikoni hatuachi gunia wazi. Asubuhi hii hii bi mkubwa kachelewa kulifunga, karudi na birika kakuta mmoja kakaa juu ya kinu, kipande mkononi, anakitafuna taratibu kama biskuti, mdomo wote mweusi na mtoto kifuani nae mweusi pua.